Anayetupima Homa, Yeye Hupimwa na Nani?

UKIFIKA hospitalini ukiwa hujisikii vizuri, jambo la kwanza utakalofanyiwa ni kupimwa. Utawekewa kipimajoto kwapani, utafungwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu, kisha utapandishwa kwenye mizani. Kabla hujamwona daktari, tayari namba tatu au nne zimeandikwa katika kadi yako. Namba hizo haziutaji ugonjwa wako, lakini zinamwonyesha daktari aanzie wapi.

Hebu sasa jiulize swali ambalo wengi wetu hatujiulizi. Huyo muuguzi aliyekushika mkono akakupima, yeye hupimwa na nani? Na ikiwa kinachomuuma si kichwa wala tumbo bali ni moyo, kwa kuwa ameona wagonjwa wake wakifa mmoja baada ya mwingine katika zamu moja, kisha akapanda matatu kurudi nyumbani kuwapikia watoto, je, kiko wapi kipimajoto cha kupimia maumivu ya namna hiyo?

Swali hili lilikuja kwa nguvu wakati wa janga la Korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura Januari 30, 2020, na halikuiondoa hadi Mei 5, 2023. Hapa kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 13, 2020. Katika kipindi hicho watafiti wa nchi nyingi waliwaendea wauguzi na madaktari na karatasi za maswali, wakataka kujua hali ya nyoyo zao. Majibu yaliyotoka yalishtua: nusu ya wafanyakazi wa hospitali, tuliambiwa, wana dalili za kuugua akili.

Ni kweli kwamba nusu walikuwa wagonjwa? Ikiwa una mama, dada, mume au mwana anayefanya kazi hospitalini, au kama wewe ni mwanafunzi unayetarajia kuingia katika kazi hiyo, una haki ya kujua namba kama hiyo hupatikanaje, inasema nini, na ni nini ambacho haisemi.

MASWALI TISA NA ALAMA ISHIRINI NA SABA

Maumivu ya moyo hayana kipimo cha damu. Hakuna mashine itakayomulika kifua cha mtu ionyeshe huzuni. Kwa hivyo wataalamu hutumia njia ya zamani kuliko zote: humwuliza mtu mwenyewe. Lakini hawamwulizi ovyo ovyo. Hutumia hojaji, yaani orodha ya maswali yaliyopangwa, ambayo kila mtu huulizwa kwa maneno yale yale ili majibu yaweze kulinganishwa.

Mojawapo ya hojaji zinazotumika sana duniani huitwa PHQ-9. Ilitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo huchunguza unyogovu, yaani ile huzuni nzito inayomwandama mtu isimwachie. Imejaribiwa hapa Kenya pia, miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi upande wa magharibi wa nchi, na matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 2009.

Hojaji hii ina maswali tisa tu. Humwuliza mtu kuhusu majuma mawili yaliyopita: kama amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kama amekuwa na huzuni au kukata tamaa, usingizi wake ukoje, kama anahisi uchovu, kama anakula vyema, kama anajiona ameshindwa maishani, kama anaweza kutuliza akili yake juu ya jambo moja, kama amekuwa mzito au mwenye kuhangaika kupita kiasi, na la mwisho, kama amewaza kwamba ni heri afe au ajidhuru.

Kila swali lina majibu manne. Asiyepatwa kabisa na jambo hilo hupata sufuri. Aliyepatwa nalo siku kadhaa hupata 1. Aliyepatwa nalo zaidi ya nusu ya siku hizo hupata 2, na yule ambaye jambo hilo ni la karibu kila siku hupata 3. Ukijumlisha, alama za chini kabisa ni 0 na za juu kabisa ni 27. Anayepata 5 hadi 9 huhesabiwa kuwa na dalili hafifu. Kuanzia 10 dalili ni za wastani, kuanzia 15 zimezidi wastani, na kuanzia 20 ni kali.

Sasa twende kwenye mfano. Tuseme kuna muuguzi mmoja aliyefanya zamu za usiku kwa majuma mawili mfululizo. Usingizi umemvurugika karibu kila siku: alama 3. Uchovu nao ni wa kila siku: 3. Hamu ya chakula imepungua zaidi ya nusu ya siku, kwa sababu anakula saa ambazo wenzake wamelala: 2. Akili haitulii akisoma au akisikiliza redio: 2. Maswali mengine yote amejibu kwamba hana shida. Jumla yake ni 10.

Umeona, msomaji? Muuguzi huyu amefikia alama za unyogovu wa wastani, ilhali hakusema hata mara moja kwamba ana huzuni! Huenda kweli ameanza kuugua. Huenda pia anahitaji tu juma moja la kulala usiku kama watu wengine. Namba 10 haiwezi kututofautishia. Ndiyo maana daktari wa akili hawezi kusema mtu ana unyogovu bila kwanza kuona kama zipo zile dalili mbili za mwanzo, yaani huzuni au kupotelewa na hamu, kisha azungumze naye ana kwa ana.

NUSU YA WUHAN

Tukiwa na elimu hiyo ndogo, sasa tunaweza kuusoma utafiti mmoja uliotajwa sana wakati wa Korona. Ulifanywa China kuanzia Januari 29 hadi Februari 3, 2020, siku ambazo mji wa Wuhan ulikuwa umefungwa. Wauguzi na madaktari 1,257 kutoka hospitali 34 walijibu maswali. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakifanya kazi Wuhan kwenyewe.

Matokeo yalionyesha kwamba asilimia 50.4 walikuwa na dalili za unyogovu, asilimia 44.6 dalili za wasiwasi, asilimia 34 hawakupata usingizi vyema, na asilimia 71.5 walikuwa wamefadhaishwa na yaliyokuwa yakitokea. Hiyo ndiyo ile nusu iliyotajwa kila mahali.

Lakini ifungue ile nusu uone yaliyomo. Kati ya hiyo asilimia 50.4, asilimia 35.6 walikuwa na dalili hafifu, yaani zile alama 5 hadi 9. Waliofikia kiwango cha wastani na kupita hapo, kwa pamoja, hawakufika asilimia 15. Watafiti wenyewe hawakuficha jambo hili. Lilikuwa limeandikwa wazi katika majedwali yao. Ni sisi wengine, kwa haraka zetu, tuliochukua namba kubwa tukaiacha ile inayoifafanua.

Usinielewe vibaya. Watu 15 katika kila 100 si wachache. Katika wodi yenye wauguzi ishirini, hao ni watatu. Na utafiti ule ulisema jambo jingine la maana: walioumia zaidi walikuwa wauguzi kuliko madaktari, wanawake kuliko wanaume, na wale waliowahudumia wagonjwa wa Korona ana kwa ana kuliko wenzao wa sehemu nyingine. Kumbe mzigo haukugawanywa sawa. Aliyekuwa karibu zaidi na kitanda ndiye aliyeubeba.

Hapa Kenya nako utafiti kama huo ulifanywa katika hospitali kubwa, ukachapishwa mwaka 2021. Takriban nusu ya wauguzi na madaktari walioulizwa walionyesha dalili, hafifu hadi kali, za unyogovu au wasiwasi. Sasa wewe msomaji unajua swali la kuuliza ukiisikia namba hiyo: hafifu ni wangapi, na kali ni wangapi?

Kuna swali la pili. Ni nani aliyeulizwa? Tafiti nyingi za namna hii, ule wa Wuhan ukiwemo, ziliwahoji wauguzi na madaktari peke yao. Mfagiaji aliyeosha sakafu ya wodi ya Korona, mlinzi wa lango, dereva wa ambulensi na mhudumu wa chumba cha maiti hawakuwekewa hojaji mbele yao. Asiyeulizwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hupangiwa msaada na nani?

"KULIKO KAWAIDA"

Ipo hojaji nyingine kongwe zaidi, iliyotungwa London na daktari wa akili David Goldberg katika miaka ya mwanzo ya 1970. Mwanzoni ilikuwa ndefu, baadaye ikafupishwa ikabaki maswali kumi na mawili, nayo huitwa GHQ-12. Hii haiulizi ni siku ngapi mtu amehuzunika. Humtaka ajilinganishe na hali yake ya kila siku: je, siku hizi unakosa usingizi kwa mawazo kuliko kawaida yako? Je, unafurahia shughuli zako kama kawaida, au umepungukiwa? Kila jibu la kuonyesha hali imeharibika huhesabiwa alama moja, na mara nyingi mwenye alama 4 au zaidi kati ya 12 huonekana kuwa anahitaji kuangaliwa.

Hojaji hii ni nzuri wakati wa amani. Lakini janga linapoingia, ni nani anayelala kama kawaida? Ni nani anayefurahia shughuli zake kama kawaida wakati shule zimefungwa, kuna kafyu, na mazishi yanaendeshwa na watu waliofunikwa mwili mzima? Hapo hata mtu mwenye akili timamu kabisa atajibu kwamba hali yake si ya kawaida. Na upande wa pili, muuguzi ambaye amekosa usingizi kwa miaka mitano atajibu kwamba analala "kama kawaida yake", naye atapata sufuri! Mwenye afya ataonekana mgonjwa, na mgonjwa ataonekana mzima.

Watafiti wa Uingereza waliamua kulichunguza jambo hili. Waliwapa hojaji wafanyakazi zaidi ya 23,000 wa hospitali za umma. Kwa kuhesabu alama za hojaji peke yake, asilimia 52.8 walionekana kuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama vile unyogovu na wasiwasi. Kisha wakachagua baadhi yao, wakazungumza nao kwa kina, swali kwa swali, kama anavyofanya tabibu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalikuwa tofauti sana: kwa mahojiano hayo walikadiria kwamba wenye matatizo hayo hasa ni asilimia 21.5. Kwa upande wa kiwewe, yaani kuandamwa na kumbukumbu za mambo ya kutisha, hojaji ilitoa asilimia 25.4 na mahojiano asilimia 7.9.

Je, hao wengine walidanganya? La, hasha. Waliumia kweli. Walichoka, walilia, walikosa usingizi. Lakini kuumia si sawa na kuugua, kama vile kuwa na joto mwilini si sawa na kuwa na malaria. Kipimajoto husema una homa; hakisemi homa hiyo imetoka wapi. Hojaji ni kama kipimajoto. Kazi yake ni kusema: huyu mwangalieni kwa karibu zaidi. Anayeitumia kumpachika mtu jina la ugonjwa ameitumia vibaya, na anayeitupa kwa kuwa imekosea hapa na pale naye amekosea vile vile. Mtu mmoja katika kila watano aliyekutwa na ugonjwa hasa ni idadi ambayo hospitali yoyote haiwezi kuipuuza.

KWA NINI MTU HUFICHA

Hata hojaji iliyo bora kabisa hutegemea jambo moja: ukweli wa anayejibu. Na muuguzi ana sababu nyingi za kuficha.

Ya kwanza ni kazi yake. Karatasi ikitoka katika ofisi ya mkubwa wake na kurudi katika ofisi hiyo hiyo, atajiuliza: nikiandika kwamba nashindwa kutuliza akili, si nitaambiwa sifai kushika sindano? Ataandika sufuri kila mahali na kurudi wodini na mzigo wake. Kwa hiyo hojaji isiyo na siri hupima woga wa watu, wala haipimi uchungu wao.

Ya pili ni sheria. Lile swali la tisa la PHQ-9, linalohusu mawazo ya kufa, liliulizwa hapa Kenya wakati ambapo kifungu cha 226 cha sheria za jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kujaribu, lakini ni wangapi wangethubutu kuandika jambo la karibu na kosa la jinai katika karatasi ya mgeni? Kifungu hicho kilitangazwa na Mahakama Kuu, Januari 2025, kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Hatua hiyo imeondoa kizuizi kimoja kati ya mtu na ukweli wake.

Ya tatu ni lugha. Ukimwuliza Mkenya kama ana unyogovu, huenda akakutazama tu. Mwulize kama moyo wake ni mzito, kama mawazo yamemjaa, kama anachoka kabla hajaanza kazi, naye atakujibu papo hapo. Wenzetu wa Zimbabwe walilitambua jambo hili mapema. Katika miaka ya 1990 daktari Vikram Patel na wenzake walitunga mjini Harare hojaji kwa lugha ya Kishona, wakitumia maneno ya wagonjwa wenyewe. Mojawapo ya maneno hayo ni kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Mzee wa kijijini huko anaweza asijue jina la ugonjwa katika vitabu vya Ulaya, lakini neno hilo analijua tangu utotoni.

Zimbabwe hiyo hiyo inatufundisha jambo jingine. Daktari Dixon Chibanda alianzisha huko mpango wa kuwaweka akina nyanya waliopata mafunzo kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mtu anayefika huulizwa maswali ya ile hojaji ya Kishona, na akionekana kuwa na mzigo, anakaa hapo hapo na nyanya na kuanza kuzungumza juu ya shida yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kupima na kusaidia vimekaa benchi moja.

JANGA LIKIISHA, JE?

Wapo wanaosema Korona imepita, na haya yote ni ya zamani. Hao inafaa wasikie yaliyotokea Toronto, nchini Kanada. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS, ambao ni ndugu wa Korona, ulienea na kuua watu 774 duniani. Toronto ilipigwa vibaya, na miongoni mwa waliougua huko walikuwamo wafanyakazi wengi wa hospitali.

Watafiti hawakuwauliza watu wakati wa moto peke yake. Walirudi kati ya mwezi wa 13 na wa 26 baada ya ugonjwa kwisha. Waliwauliza wafanyakazi 769 wa hospitali 13: tisa za Toronto zilizowatibu wagonjwa wa SARS, na nne za mji wa Hamilton ambazo hazikuwatibu. Toronto, waliokuwa na dhiki kubwa ya moyo walikuwa karibu asilimia 45. Hamilton walikuwa asilimia 30. Waliochoshwa na kazi hadi roho zikachakaa walikuwa asilimia 30 Toronto, na asilimia 19 Hamilton. Wengi zaidi wa Toronto walikuwa wamepunguza saa za kazi au kujitenga na wagonjwa.

Mwanafunzi, angalia hapo kwa makini. Hata Hamilton, mahali pasipokuwa na SARS, watu 30 kwa kila 100 walikuwa na dhiki. Lau watafiti wangekwenda Toronto tu, wangelaumu ugonjwa kwa yote 45. Kwa kuwa walikuwa na Hamilton ya kulinganisha, waliweza kuonyesha ni kiasi gani cha mzigo kilichohusiana na janga na ni kiasi gani kilikuwa mzigo wa kazi ya kila siku.

Nao waliuliza ni nini kilichowakinga walioumia kidogo. Jibu halikuwa ushujaa. Walionusurika zaidi ni wale waliohisi kwamba walifundishwa vya kutosha, walipewa vifaa vya kujikinga, na waliungwa mkono na hospitali zao.

MTU AMA WODI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo kuu. Alama za hojaji zina maana mbili, na hatari iko katika kuzichanganya.

Tuseme wodi ina wauguzi ishirini, na mmoja wao ana alama za juu. Huyo ni mtu anayehitaji kuitwa faraghani, kuzungumziwa kwa upole na kupelekwa kwa mtaalamu. Lakini ikiwa kumi na watano kati ya ishirini wana alama za juu, mgonjwa si wauguzi tena. Mgonjwa ni wodi. Hapo dawa si kuwaita kumi na watano mmoja mmoja na kuwafundisha namna ya kuvuta pumzi. Dawa ni kuangalia ratiba ya zamu, idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, glavu na barakoa, bima, na mshahara.

Wakenya tunayakumbuka ya Desemba 2020. Wauguzi na matabibu waligoma, na madaktari wakafuata, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na masharti bora ya kazi. Mwezi huo huo tuliomboleza kifo cha daktari kijana aliyeambukizwa Korona akiwa kazini, na ambaye ilielezwa alikuwa amekaa miezi bila kulipwa. Mtu kama huyo, laiti angepewa hojaji na kupata alama za juu, ungemwandikia dawa gani? Mshauri nasaha angeweza kumsikiliza, lakini mshahara angeupata wapi?

Kwa hiyo hospitali yoyote inayotaka kuwapima wafanyakazi wake yafaa kwanza ijibu maswali manne. Majibu yatasomwa na nani? Nani atamwona, siku hiyo hiyo, yule atakayejibu kwamba anawaza kufa? Alama za wodi zikiwa juu, ni nini kitakachobadilishwa? Na vipimo vitarudiwa lini ili ijulikane kama mabadiliko yamesaidia? Hospitali isiyokuwa na majibu haya inawasumbua bure watu waliokwisha kuchoka. Wataijaza karatasi mara moja, wataona hakuna kilichofanyika, na mara ya pili wataandika sufuri.

NYUMBANI KWAKO

Nawe msomaji, ufanyeje ikiwa mmoja wa hao wauguzi anaishi kwako?

Usimpe hojaji mezani kama mtihani, wala usimwite mgonjwa kwa sababu amechoka. Yaangalie mambo yale yale wataalamu wanayoyaangalia, na uangalie kwa muda wa majuma mawili, si siku moja. Halali hata akiwa na usiku wa mapumziko? Ameacha kwenda kanisani au msikitini, au kutazama mpira aliokuwa akiupenda? Anawakaripia watoto kwa jambo dogo, kisha anajilaumu usiku kucha? Anazidisha pombe? Amekuwa akisema kwamba afadhali asingekuwapo?

Mwulize kwa maneno ya nyumbani. "Mama, leo kazi ilikuwaje?" ni swali jema, lakini jibu lake karibu kila mara litakuwa "sawa tu". Jaribu hili: "Mama, wiki hii ni lini ulilala vizuri mara ya mwisho?" Swali la namna hiyo halijibiki kwa "sawa tu". Akianza kusema, usimkatize, wala usimwambie kuna wenye shida kumzidi. Mpe chai, uchukue kazi moja ya nyumba ambayo ingekuwa yake, na umsikilize.

Akitaja kufa au kujidhuru, usiogope kumwuliza waziwazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mfike naye hospitalini siku hiyo hiyo, ikiwezekana si ile anayofanyia kazi, ili aweze kusema bila kuogopa kuonekana na wenzake.

Na siku utakaposikia tena kwamba nusu ya wauguzi wana matatizo ya akili, usishtuke ukakimbia, wala usicheke ukapuuza. Uliza: nusu ya nani, kwa kipimo gani, hafifu ni wangapi na kali ni wangapi, na wenzao wasiokuwa katika janga walikuwa na kiasi gani? Kisha uulize swali ambalo kila muuguzi aliyejaza karatasi ile anasubiri jibu lake: baada ya kupimwa, walifanyiwa nini?